Gauni Lisilo na Kiuno

Gauni la kanisa lilikuwa baya, na Misikhu nzima hapakuwa na mtu mwenye ujasiri wa kusema hivyo. Akina mama wa kanisa walilishona wenyewe zamani, kwa kitambaa kizito cheupe ambacho sasa kilikuwa kimegeuka rangi ya maziwa, wakalitia katika sanduku la bati pamoja na dawa ya nondo, na sanduku likawekwa nyumbani kwa mchungaji. Kila msichana aliyefunga ndoa katika kanisa hilo alifunga nalo. Mnene alilivaa, mwembamba akalivaa. Mrefu lilimwishia kwenye mashavu ya miguu, mfupi alilikanyaga njia nzima mpaka madhabahuni. Harusi ikiisha linafuliwa, linapigwa pasi, linarudi sandukuni kumngoja mwingine.

Jumatatu ya wiki ya harusi ya Nanyama na Nyongesa sanduku lililetwa kwao, likawekwa mezani, na mdogo wake, Edah, ndiye aliyefungua kifuniko. Alilinyanyua gauni kwa mabega, akalitazama mbele, akaligeuza nyuma, kisha akalirudisha mbele tena kutafuta tofauti.

"Kiuno kiko wapi?" akauliza.

"Kiuno kiko kwa mwenye kuvaa," mama yake, Rispah, akajibu bila kuacha kuchambua maharagwe. "Fua, piga pasi, rudisha kwa sanduku. Ni hiyo tu umeambiwa."

"Mayi, hii si gauni. Hii ni hema imeshonewa mikono."

"Edah."

"Ati watu wa Nyongesa watoke Bokoli yote kuja kuona bibi harusi, waonyeshwe pazia?"

Nanyama alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi. Hakuinua macho. "Mimi naipenda hivyo," akasema. "Iache tu."

Edah hakumwamini hata kidogo. Nanyama alikuwa mtu wa kupokea kilichopo na kusema ahsante, tangu utotoni, na tabia hiyo ilimchosha mdogo wake kuliko kazi. Ukimpa mguu wa kuku, ahsante. Ukimpa shingo, ahsante. Sasa wamempa gunia la kuolewa nalo, na ahsante ile ile.

Mwaka huo wa 1951 Edah alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, na alikuwa yaya kwa Wazungu huko Kitale. Alikuwa amepewa ruhusa ya wiki moja kwa manung'uniko mengi, kana kwamba dada yake alichagua kuolewa ili kumuudhi memsahib. Katika sanduku lake dogo alikuwa na nguo mbili tu, na chini ya nguo, kurasa za magazeti ya mitindo kutoka Ulaya. Memsahib akiyamaliza yalikwenda jikoni kuwashia moto, na Edah aliyaokoa moja moja kabla ya kiberiti. Alizijua kurasa zile kama wengine wanavyojua Zaburi. Hakuweza kusoma maneno yote, lakini mishono aliisoma vizuri: mahali pa kubana, mahali pa kuachia, kitambaa kilipokatwa mshazari ili kianguke kwa madaha.

Tena alikuwa ameona kwa macho yake. Mwezi wa pili kina memsahib walifanya maonyesho ya mavazi katika hoteli moja pale Kitale, na Edah alipelekwa kushika mtoto asilie. Alisimama ukutani, mtoto mgongoni, pamoja na rafiki yake Wahu, yaya wa shamba la jirani. Zulia refu lilitandikwa katikati ya meza. Gramafoni ikaanza, na wasichana wa Kizungu wakatoka mmoja mmoja, mkono kiunoni, uso umekauka kama wa mtu asiyemdai mtu wala asiyedaiwa. Wakifika mwisho wa zulia wanageuka, sketi inafunguka duara zima, wanarudi.

"Huyo anatembea kama ng'ombe amekanyaga mwiba," Wahu alinong'ona.

"Usimwangalie yeye, angalia nguo," Edah alimjibu.

Hilo ndilo wazo alilorudi nalo siku ile na hakuliacha tena. Aliona kwamba nguo haikutengenezwa kufunika mtu. Watu wa kwao walivaa ili wasionekane, halafu wakaita hiyo heshima. Nguo nzuri inamchukua msichana wa kawaida kabisa, mwenye madoadoa usoni na masikio makubwa, inauambia ulimwengu: tazama hapa. Na ulimwengu unatazama. Sasa Nanyama, aliyekuwa mzuri kuliko wale wote wa kwenye zulia, angetembea kutoka mlango mkubwa mpaka mbele, watu wote wakimkodolea macho, siku moja tu ya maisha yake, na aitembee akiwa ndani ya hema!

*

Jumatano Rispah na mumewe, Mukhisa, walipanda lori kwenda soko la Chwele kununua vitu vya karamu. Nanyama alikwenda mtoni. Edah alibaki na gauni, cherehani ya mkono ya mama yake na mkasi.

Kipimo alikuwa nacho. Wakati wa Krismasi alimzungushia dada yake uzi kiunoni, akaupiga fundo, akauweka. Aliutoa uzi ule, akaupima juu ya gauni, akacheka peke yake. Pembeni mlikuwa na kitambaa cha kumtosha mtu wa pili. Akakata upande wa kuume, akakata wa kushoto. Mikono ile iliyojaa upepo akaing'oa, akashona mingine mifupi iliyolala vizuri begani. Na vile vipande alivyokata hakuvitupa, maana alikuwa mtu wa kubana matumizi. Alivikata vidogo vidogo kwa umbo la petali, akavikunja, akavishona kuwa maua, mengine akayabandika nyuma, chini ya kiuno, kama alivyoona kwenye ukurasa mmoja uliochanika pembe.

Jioni alilificha chini ya kitanda. Alitaka awashangaze, na katika hilo alifaulu.

Alhamisi asubuhi alimwita Nanyama chumbani, akafunga mlango. "Fumba macho. Inua mikono."

Nanyama alifumba. Gauni likapita kichwani, likapita mabegani, likafika mbavuni, likasimama. Edah akalivuta. Akazunguka nyuma kufunga vifungo. Vifungo na vitundu vyake vilikuwa mbali mbali kama watu waliogombana.

"Vuta pumzi ndani."

"Nimevuta."

"Vuta zaidi, bana! Kwani tangu Krismasi unakula nini wewe?"

Nanyama alifumbua macho, akajitazama chini, akaona kiuno, akashika kitambaa pembeni akitafuta ule upana, na upana haukuwapo. Uso wake ulibadilika hata Edah akaogopa.

"Edah, umefanya nini?"

"Nimekutengenezea nguo! Watu wengine husema ahsante."

"Ile ingine iko wapi? Kitambaa kile kingine?"

Edah akamwonyesha maua. Nanyama akaketi kitandani, gauni likiwa nusu juu nusu chini, akaanza kulia kwa sauti ndogo, mikono miwili juu ya tumbo. Na hapo, kwa kuchelewa sana, msichana aliyejua mishono yote ya Ulaya akaona kitu ambacho kila mwanamke wa boma lile alikwisha kukiona.

Rispah aliingia kwa sababu ya kilio. Alisimama mlangoni, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Si nilikwambia fua tu?"

"Hukuniambia kwa nini!" Edah alikuwa karibu kupiga kelele.

"Jambo kama hilo linasemwa?"

"Mayi, ungesema neno moja tu! Moja!"

"Na dada yako alikwambia iache. Mimi nikakwambia pasi na sabuni. Ulitaka tukupigie ngoma?" Rispah aliokota ua moja, akaligeuza kwenye vidole, akalirusha kitandani. "Unafikiri akina mama wa kanisa hawajui kushona kiuno? Wakati wanakata hiyo gauni walikuwa na macho. Sisi tunazaa watoto wasichana. Tulikata pana kwa sababu tunajua. Nusu ya ndoa za hapa zimepita chini ya hiyo nguo, na hakuna mtu ameuliza mtu."

"Kwa hivyo kila mtu anajua?"

"Hakuna mtu anajua," Rispah akasema kwa ukali. "Ndiyo maana inaenda vizuri."

Edah alitaka kujing'oa nywele. Watu gani hawa? Wanashona siri pamoja, wanaifua pamoja, wanaipiga pasi, halafu wakikutana nayo njiani hawaisalimii.

Kanuni yenyewe aliijua, hakuna asiyeijua. Bibi harusi aliyeonekana ana mimba hakupita mlango mkubwa. Alifungishwa ndoa Jumatatu asubuhi katika chumba cha wazee nyuma ya kanisa, bila shela, bila kwaya, mashahidi wawili na mchungaji mwenye haraka. Baba yake, kama ni mzee wa kanisa, aliondoka kwenye benchi la mbele akaketi nyuma na watu wa kawaida. Mukhisa alikuwa mzee wa kanisa. Benchi lile ndilo lililomfanya anyoe ndevu kila Jumapili na asinywe pombe ya busaa hata kwenye tohara.

"Mimi sikutaka kitu kikubwa," Nanyama akasema kwenye machozi yake. "Sikutaka kupendeza. Nilitaka tu nipite mlango ule mkubwa kama wengine, kwaya iimbe, Papa aone. Ni hayo tu, Edah. Na wewe umekata."

Hakuna tusi ambalo lingemuuma Edah kuliko hilo.

Siku ile nzima walihangaika. Petali hazirudi kuwa kitambaa. Walijaribu shuka ya kitanda: nyeupe mno, kiraka kilipiga kelele. Rispah akaichemsha shuka katika majani ya chai, ikatoka ya kahawia kama uji wa wimbi. Edah aliviacha vifungo wazi, akafumua na mshono wa mgongo hadi chini ya kiuno, gauni likalegea, tumbo likapata nafasi na mbele pakatulia vizuri. Lakini mgongo ulibaki wazi, unaweza kupitisha kiganja, na shela ya kanisa ilikuwa nyepesi kama utando, inaonyesha kila kitu.

*

Ijumaa mchana akaja Mama Mchungaji. Ilikuwa desturi: siku moja kabla ya harusi alilikagua gauni, akamwombea bibi harusi, akanywa chai. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, na mbele yake hata wanaume walificha tumbaku. Mukhisa mwenyewe alimkaribisha kitini. Rispah hakuwa na la kufanya. Alilileta gauni, akaliweka mezani mbele ya mumewe.

Mukhisa ndiye aliyepata sauti kwanza. "Hii ni nini? Mikono ya gauni iko wapi? Nani amefanya hii?"

"Mimi, Papa," Edah akasema.

"Wewe! Mali ya kanisa! Kwa sababu umeona matako ya Wazungu yakicheza Kitale, unakuja kukata vitu vya Mungu?" "Nitaficha uso wangu wapi mimi?"

Mama Mchungaji aliligeuza gauni, akaingiza mkono kwenye mgongo uliofumuliwa. Akamtazama Edah. Akamtazama Nanyama, aliyesimama nyuma ya kiti cha mama yake akiwa amejifunga leso mbili mchana wa jua kali. Alimtazama kwa muda, kisha akachukua kikombe chake, akapuliza chai.

"Mzee Mukhisa," akasema, "tuachie hii. Ni mambo ya sindano."

Mukhisa akatoka akiendelea kusema peke yake mpaka kwenye zizi. Mama Mchungaji aliweka kikombe chini.

"Ni huyu peke yake hakujua?" akamuuliza Rispah, akimwonyesha Edah kwa kidevu.

"Alikuwa Kitale," Rispah akasema kwa aibu.

"Sawa. Edah, sikiliza mama. Gauni nimeona imeharibika mgongoni. Nani ameiharibu?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Edah akamtazama asielewe. "Nilitaka kiuno..."

"Kwa sababu ya kiburi ya Kitale," Mama Mchungaji akamkatiza kwa upole ule ule. "Msichana amekata gauni ya watu kwa kiburi, imepasuka. Hiyo ndiyo habari, na jioni hii nitaipeleka kwa kina mama kabla haijapikwa na wengine. Na adhabu yako ni hii: kesho hutakaa na wasichana. Utatembea nyuma ya dada yako, karibu kabisa, ushike mahali ulipasua mpaka mwisho wa ibada. Watu watakuangalia wewe. Umesikia vile nasema? Watakuangalia wewe."

Sasa Edah alielewa, na alivyoelewa alikasirika zaidi. Yeye ndiye peke yake katika chumba kile ambaye hakuficha chochote, na yeye ndiye angebeba jina baya. Alifungua mdomo. Akaona mikono ya Nanyama imeshika mgongo wa kiti, imekaza mpaka vifundo vimetoka.

"Nimesikia, Mama Mchungaji."

"Vizuri. Na yale maua yako yatoe. Ni mazuri, lakini yatoe."

*

Jumamosi kanisa lilijaa hadi madirishani. Bibi harusi wa kwetu hatembei, anasogea. Mguu mmoja, kwaya inaimba mstari, mguu wa pili unakuja kusimama kando ya wa kwanza, kwaya inarudia. Kichwa chini, meno ndani. Anayecheka siku hiyo atasemwa mpaka mtoto wa tatu. Wale wasichana wa zulia la Kitale wangekuwa wamekwenda na kurudi mara kumi kabla Nanyama hajapita benchi la kwanza kutoka mlangoni.

Nyuma yake, pua ikikaribia kugusa shela, alikuja Edah, ameinama, mikono miwili imeshika mpasuko wa gauni mgongoni. Wimbi la minong'ono lilitembea pamoja nao.

"Ndiye huyo. Wa Kitale."

"Ati alitaka kuacha mwenzake mgongo wazi kama Mzungu."

"Hata harusi ya dada yake, lazima yeye aonekane!"

Jasho lilimtiririka Edah machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. "Tembea, bana," akanong'ona.

"Siwezi," Nanyama akanong'ona bila kusogeza midomo. "Ndivyo inatembewa."

"Mgongo unaniuma."

"Usiachilie."

"Nani amesema naachilia?"

Alikuwa amewaza siku hii kwa miezi. Aliwaza watu wakigeuka, macho yakifuata mshono wake, na kweli walikuwa wamegeuka, macho ya kanisa zima yalikuwa pale. Hakuna hata moja lililokuwa juu ya tumbo la Nanyama. Edah aliinua kichwa kidogo, makusudi, akamtazama mwanamke mmoja aliyekuwa akinong'ona kwa nguvu kupita wote, na akakausha uso kama wale wasichana wa gramafoni. Mwanamke akashika mdomo. Benchi zima likasahau bibi harusi.

Walipofika mbele Nanyama na Nyongesa walipiga magoti. Edah akapiga magoti nyuma yao. Mchungaji alingoja aondoke akaketi. Hakuondoka. Mchungaji akakohoa. Watoto madirishani wakaanza kucheka, kisha watu wazima.

"Amina!" Mama Mchungaji akasema kwa sauti kubwa kutoka benchi lake, ingawa hapakuwa na sala iliyosaliwa, na mchungaji, aliyeoana naye miaka mingi, akafungua kitabu akaendelea. Nanyama aliulizwa kama anakubali. Alisema ndiyo kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

*

Kwenye karamu Mukhisa aliketi katika hema ya wazee, mahali pa katikati, na Nyongesa na watu wa Bokoli wakaja kumshika mkono mmoja mmoja. Uso wake uling'aa. Ulikunjamana mara moja tu, Edah alipopita na karai la maji ya kunawa.

"Simama hapo," akasema, na wageni wakanyamaza kusikiliza. "Leo Mungu amenipa heshima. Mtoto wangu mmoja amepita mlango mkubwa, kichwa chini, safi. Na wewe umenitia aibu mbele ya wakwe. Kesho asubuhi panda gari urudi kwa Wazungu wako. Ukitaka kurudi hapa, rudi na adabu."

Karai lilikuwa zito. Edah alitazama benchi la wazee ambalo lilikuwa limebebwa kutoka kanisani kwa ajili ya siku hiyo, na baba yake akiwa katikati yake, amenyoa vizuri, kola imebana shingo. Neno moja lingetosha. Lilifika kwenye meno.

"Nisamehe, Papa," akasema, akaendelea kuwanawisha wageni.

Alimaliza, akaenda kuketi nyuma ya jikoni kwenye gogo, mahali moshi ulipofukuza watu. Mikono yake ilikuwa na alama nyekundu za kitambaa. Alikuwa amechoka nao wote: baba na benchi lake, Mama Mchungaji na upole wake, dada yake, akina mama wote wanaojua na wasiojua. Alilia kwa hasira, na hasira ilipoisha akaendelea kulia.

Rispah alitoka jikoni na kibakuli amekifunika kwa kiganja. Hakusema pole. Aliketi kando yake, akamwekea kibakuli mapajani. Ndani mlikuwa na filigisi ya kuku, nzima, imepikwa vizuri, inang'aa kwa mafuta. Edah akaitazama, akamtazama mama yake. Tangu azaliwe hakuwa amewahi kuona mwanamke wa nyumba ile akiitia mdomoni. Filigisi ni ya baba. Mtoto wa kike hata hukumbushwa asiitazame ikiwa kwenye sahani.

"Mayi, hii ni ya..."

"Kula haraka."

Edah akala. Ilikuwa ngumu, ina chumvi, na ilikuwa tamu kupita alivyodhani. Alikuwa bado anatafuna, sauti ya Mukhisa ikasikika kutoka hema ya wazee, kubwa, ya mtu aliyefunua sahani yake mbele ya wakwe.

"Mama Nanyama! Filigisi iko wapi?"

Rispah alichukua kibakuli, akakipangusa kwa upindo wa leso yake.

"Baba Nanyama," akaita kwa sauti tamu, "huyu kuku hakuwa nayo."

Kisha akaketi pale pale kando ya binti yake, bega kwa bega, akamngoja amalize kutafuna.